Kaa dakika nane kwanza, ndo utoe kamera

Wengi wanaotaka kutuliza roho kwa kupiga picha za mazingira wanawaza mbali, wanawaza maporomoko ya maji, kilele cha mlima, bahari jua likizama, na kwa kuwa kufika huko ni shughuli basi hata hawaanzi. Mimi nakushauri uanzie hapo nje ya mlango wako. Mti mmoja unaoupita kila siku, nyasi za pembeni ya njia, ufa wa ukuta ulioota kitu, dimbwi lililobaki baada ya mvua, vinatosha kabisa, alafu vina faida moja kubwa ambayo mlima wa mbali hauna, kesho unavikuta tena, na hii kitu yote inategemea kurudi.

Ukishachagua sehemu yako, kaa chini. Simu iwe mfukoni, umeizima sauti na data, ukae dakika nane bila kupiga chochote. Hizo nane nimezichagua kwa sababu, mwanga wa jua unatumia kama dakika 8 na sekunde 20 kutufikia, kwahiyo ule mwanga utakaokupa picha yako ya kwanza, wakati unajiweka sawa kukaa ndo ulikuwa unatoka kwenye jua. Mi kila nikiliwaza hili napata unyenyekevu fulani, yani kitu kimesafiri karibu kilomita milioni 150 kikaja kutua kwenye jani moja dogo lisiloangaliwa na mtu, kukipokea kwa pupa naona sio adabu. Dakika za mwanzo akili itakupigia kelele sana, meseji hujajibu, kazi haijaisha, usigombane nayo, iache iseme mpaka ichoke. Ikishapoa ndo macho yanafunguka, unamwona sisimizi anapanda shina amebeba kitu kikubwa kuliko yeye, unaona jani lilelile upande mmoja linang'aa na mwingine limefifia. Kile kitakachokuvuta, piga hicho, usikitafutie sababu.

Nikupe mfano wa karibu kabisa. Toka asubuhi mapema, ardhi ikiwa na unyevu, uinamie nyasi mpaka uso wako uwe usawa nazo. Utaona kwenye ncha ya kila jani kuna tone moja, limekaa palepale nchani kama limewekwa kwa mkono. Wengi tunadhani ni umande tu, lakini mara nyingi matone ya nchani namna hiyo ni maji ya mmea wenyewe, mizizi imeyavuta usiku ikayasukuma juu hadi yakatokea kwenye vitundu vidogo vya ncha. Usiku mzima wewe umelala, jani linapandisha maji. Sasa sogea zaidi uangalie ndani ya tone, mti ulio nyuma yake utauona umo humo mzima, umepinduka kichwa chini miguu juu. Siku ya kwanza kuliona hili nilisahau kabisa kama nina kamera, nikabaki nimepiga magoti pale nasema asante, asante, na mpaka jua linapanda kulikausha sikuwa na picha hata moja, na bado naihesabu ile kati ya asubuhi zangu bora.

Upande wa ufundi hauhitaji mengi. Futa lenzi kwa kitambaa laini maana simu inakaa na jasho la vidole kutwa. Flashi zima, inaua kivuli na kivuli ndo kinachobeba utulivu wa picha. Usizuumu, sogea mwenyewe, ila simu nyingi ukikaribia sana kama sentimita tano hivi picha inakuwa na ukungu, basi rudi nyuma kidogo ipate fokasi alafu utakata kingo baadaye. Gusa kitu chako kwenye skrini na ushikilie kidole, kwenye simu nyingi fokasi na mwanga vinajifunga hapo, kisha shusha mwanga kidogo, picha iliyo nyeusi kidogo inatuliza kuliko iliyochomwa na mwanga. Jani lipige picha mwanga wa jua ukiwa unatokea nyuma yake, utaona mishipa yake yote kama ya mkono wa mtu. Upepo ukivuma subiri, usilishike jani, usichume, usisogeze kiota ili kionekane vizuri, umekuja kama mgeni. Viwiko weka magotini, toa pumzi taratibu, bonyeza pumzi inapoishia.

Na upige picha tatu tu kwa siku! Hapa naomba usinidharau, maana simu inabeba maelfu na ndo ugonjwa wenyewe, ukijua unazo nyingi unapiga kwanza unaangalia baadaye, ukiwa na tatu unaangalia kwanza.

Kuhusu kurudi sehemu ileile, kuna mkulima wa Vermont huko Marekani anaitwa Wilson Bentley, mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapata picha ya chembe moja ya theluji, basi akaendelea na hichohicho hapohapo kwao kila msimu wa baridi mpaka anafariki 1931, picha zaidi ya 5,000. Hakuhama kutafuta kizuri zaidi. We jaribu siku thelathini tu na mti wako mmoja.

Jioni chagua picha moja kati ya zile tatu, iangalie kimya, andika chini yake sentensi moja ya ulichokiona na sio ulichojifunza, mfano "buibui ameanza upya utando", basi. Kama ni mtu wa sala, fanya hivi kabla ya sala, utaona shukrani zinakuja na majina ya vitu. Kuposti acha kwanza huo mwezi mzima, laiki zikianza kuingia utajikuta kesho yake unapiga kinachopendwa na watu.

Mimi mwezi wangu wa kwanza nilifuata jani moja la tawi la chini. Lilikuwa linageuka njano kidogokidogo kuanzia kingo, nikaja kuelewa kwamba mti unakuwa unarudisha kwake virutubisho kutoka kwenye jani kabla haujaliachia, kwahiyo zile siku zote nilizodhani linakufa tu, lilikuwa linakabidhi. Asubuhi ya siku ya ishirini na sita sikulikuta. Nikakaa dakika zangu nane vilevile, nikasogeza simu mpaka kwenye tawi, pale lilipokuwa kuna kovu dogo la rangi ya udongo, na juu tu ya kovu kichipukizi kimefungwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Hiyo ndo niliyoipiga.