Somo: Makonda wawili, sare moja

Wengi wakitaka mhusika aonekane mkorofi humchorea kovu shavuni na miwani myeusi, wakaridhika. Hayo ni mapambo, tabia bado. Leo nimechagua makonda wa daladala kwa makusudi: sare ni moja, kwa hiyo nguo haitakuokoa. Mmoja tumwite Machepele, hatulii hata gari likisimama. Mwingine Mzee Taratibu, kazi ameizoea, hapazi sauti.

Hatua ya 1. Weka penseli pembeni, andika sentensi tatu: anataka nini, anaogopa nini, na mikono yake hufanya nini ikiwa haina kazi. Hiyo ya tatu ndiyo yenye mali. Machepele anachezesha sarafu kiganjani, chwa chwa chwa. Taratibu anazikunja noti kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole, elfu mbili huku, elfu tano kule.

Hatua ya 2. Umbo la msingi. Machepele ni pembetatu iliyosimamia ncha: mabega juu, miguu njiti, kama anayetaka kuanguka. Taratibu ni mraba wenye kona zilizolika, mfano wa kipande cha sabuni ya mche kilichofulia nguo wiki nzima.

Hatua ya 3. Mgongo. Hapa usiwe na haraka. Vuta mstari mmoja tu kutoka kisogoni hadi kisiginoni, kabla ya macho, kabla ya pua. Wa Machepele ni upinde: ananing'inia mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine hewani. Taratibu ameegemea, hajashika chochote, breki zote za njia ile anazijua. Mtazame fisi: miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo umeteremka, hata akishiba unadhani ananyemelea. Nahisi ndiyo maana ngano zetu hazikuhangaika kumtafutia sura nyingine. Ukikosea mstari huu, uso mzuri hautakusaidia. Mimi nauchora mara kumi, naufuta mara tisa.

Hatua ya 4. Sare imevaliwaje? Vifungo vya Machepele viwili havipo, mkono mmoja umekunjwa, mwingine umesahauliwa. Ya Taratibu imepauka mabegani, lakini ina mkunjo wa pasi.

Hatua ya 5. Wapake wote weusi tii. Kama huwatambui kwa vivuli, rudi hatua ya 3. Usikimbilie kuongeza kofia!

MASWALI

Swali: Mwalimu, nachorea kwenye simu kwa kidole, mistari inatetemeka.
Jibu: Anza na kalamu ya wino kwenye karatasi, vichoro vidogo kama stempu. Piga picha, iweke leya ya chini, yaani tabaka la chini la mchoro kwenye simu, kisha pitishia juu yake.

Swali: Pembetatu lazima awe mtukutu?
Jibu: Hapana. Daktari wa zamu ya usiku anaweza kuwa pembetatu. Umbo linasema kasi yake, halimhukumu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mhusika wangu ni dada wa buibui na nikabu. Uso haupo, tabia niiweke wapi?
Jibu: Marahaba. Wewe umepata zoezi gumu kuliko langu, na zuri zaidi. Una macho, una vidole, una mwendo. Mwenye haraka, buibui linabaki nyuma yake. Mwenye maringo, linamfuata polepole. Pochi ameibana kwapani au anaibembeza? Nitumie vivuli vyake vitatu: amesimama, amekaa, na anapanda daladala ya Machepele.