Kabla ya Kufungua Boksi la Mashine Mpya

Fundi akipata mashine mpya, mkono wake hukimbilia swichi. Nimeliona hilo katika soko la Kibuye, Kisumu, miaka yote niliyopiga randa pale, na mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Boksi linapasuliwa, kijitabu cha maelezo wanaachiwa watoto wachoree, plagi inaingia kwenye soketi, na kibanda kizima kinasimama kusikiliza mlio. Siku hizi kijana aliyemaliza mafunzo juzi anaweza kumiliki grainda (mashine ya diski ya kukatia na kusagia), drili na jigso (msumeno wa kukatia mikunjo) kabla hajamiliki kitanda, na kwa hilo nafurahi kweli. Lakini nimeona mota zikiungua siku ya kwanza, nimeona pia vidole vikiondoka, na karibu kila mara kosa lilikuwa limeshafanyika kabla swichi haijaguswa. Haya ninayoandika ni ya zile siku mbili tatu kati ya kupata pesa na kuwasha mashine.

Anza na stima. Kenya tunatumia volti 240 na hezi 50, na kila mashine ina kibati kidogo ubavuni kinachosema imeundiwa volti ngapi. Kisome ukiwa bado dukani. Mimi niliwahi kununua msumeno wa duara uliotumika Uingereza, katika duka moja hapa mjini. Ulikuwa imara, bei nusu ya mpya, na ulikuwa na plagi yetu ya pini tatu, basi sikuuliza zaidi. Nilipouwasha ulipiga kelele ya juu kuliko kawaida, ukatoa moshi, ukanyamaza. Ndipo nikasoma kibati: volti 110. Kule Uingereza mashine nyingi za mjengo hutumia volti 110 kupitia transfoma, ili mfanyakazi akishikwa na umeme asife, na plagi zake huwa za manjano, duara. Mtu alikuwa ameikata ile ya manjano akafunga ya kwetu. Zawadi za ndugu walioko Marekani nazo ni hivyo hivyo, maana kule nyumbani wanatumia volti 120. Mashine kama hiyo haiharibiki polepole. Inapokea mara mbili ya volti zake au zaidi, na waya za mota zinaungua ukiwa bado umeishika.

Kwenye kibati hicho hicho soma wati. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na ukizidisha kwa volti 240 unapata kama wati 3,100. Mashine inayokaribia hapo isichangie soketi na birika la chai au mashine nyingine. Na fyuzi ikikatika, tafadhali usiweke kipande cha waya wala karatasi ya kung'aa ya sigara mahali pake. Fyuzi imekatika kwa sababu, nayo sababu bado ipo.

Kebo ya ekstensheni ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Mtu ananunua mashine ya wati 2,000 halafu anailisha kwa waya mwembamba wa taa wa mita 50, kutoka nyumba ya jirani hadi mjengoni. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, umbali huo unakula kama volti 6. Kwa 1.5 unakula karibu 10, na kwa ule wa 0.75 karibu 20. Volti hizo hazipotei bure, zinageuka joto ndani ya kebo na kuipunguzia mashine nguvu, hivyo fundi anaisukuma zaidi na mota inazidi kupata moto. Nunua 2.5 ya shaba, si ile nyepesi ya alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kama kebo yako ni ya kuviringishwa kwenye gurudumu, ikunjue yote kabla ya kazi nzito hata kama unahitaji mita tano tu. Iliyoviringwa haipumui. Joto lake halina pa kutokea, na nimeona moja iliyoyeyuka ikawa donge la plastiki.

Wanaofanya kazi karibu na mafundi wa kuchomelea wanajua taa zinavyofifia mwenzao akigusisha nondo. Drili ya mkono itavumilia, lakini randa ya mezani na msumeno wa mezani vyenye mota kubwa ya induksheni huvuta ampea nyingi zaidi volti zikishuka, na hapo ndipo huungua. Ukiweza, ongea na jirani mpangiane saa, au uombe laini yako mwenyewe.

Halafu kuna stima kupotea, na hili naomba ulisome mara mbili. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, lakini hatuhitaji siku kubwa kama ile. Hapa kwetu mawingu yakitanda jioni na radi ikapiga, stima inaweza kwenda na kurudi mara tatu ndani ya saa moja. Grainda nyingi zina swichi inayojifunga ikabaki imewashwa. Stima ikipotea, fundi anaiweka chini na kwenda kunywa chai. Ikirudi, mashine inaanza kuzunguka yenyewe juu ya meza, pengine mwanafunzi ameinama pale akipima mbao. Ukinunua, uliza kama ina kinga ya kuizuia isijiwashe yenyewe stima ikirudi. Kama haina, jizoeze kuchomoa plagi kila stima inapokata. Na radi ikianza, chomoa kila kitu, chaja za betri zikiwemo.

Kwenye kibati utaona pia alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake mashine imekingwa mara mbili na haihitaji waya wa ardhi. Isipokuwa na alama hiyo, hasa zile za mezani zenye mwili wa chuma, ule waya wa kijani na manjano lazima ufike ardhini kweli, siyo kuishia kwenye soketi. Mwite fundi wa umeme aliye na leseni apime, na umwombe afunge kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachokata stima ikivuja na chenye kitufe cha kujaribu. Ni pesa kidogo ukilinganisha na mazishi.

Kuhusu mashine ipi ununue, sitachukua muda mrefu. Tazama kazi uliyonayo mwezi huu. Kama unatoboa mawe na matofali kwa skrubu za hapa na pale, drili ya kawaida yenye mpigo wa nyundo inatosha. Kama unatoboa linta na slabu za zege kila siku, hiyo itakuchosha mabega na kumaliza biti. Tafuta ile ya SDS, ambayo ndani yake kuna pistoni inayopiga kwa msukumo wa hewa, na zege linakubali bila wewe kuegemea. Ukichagua Bosch, jua kwamba za buluu ni za mafundi wa kazi ya kila siku, za kijani ni za mtu wa nyumbani. Wapo walionunua ya kijani wakaifanyisha kazi ya mjengo, kisha wakalaumu jina. Na kabla ya kulipa jina lolote, muulize muuzaji kama ana kaboni (vipande vinavyopeleka stima ndani ya mota) na swichi za mashine hiyo rafuni, leo. Kaboni huisha, hiyo ni desturi yake, na mashine isiyo na vipuri mjini ni pambo.

Mashine za betri zinahitaji kufikiriwa kivyake. Volti 18 na zile zilizoandikwa 20 ni kitu kimoja. Ndani kuna seli tano, kila moja ya volti 3.6, na 20 ni kipimo cha betri iliyotoka kuchajiwa. Betri ya ampea-saa 4 inabeba kama wati-saa 72. Kwa kufunga skrubu utafanya kazi asubuhi nzima. Kwa grainda inayovuta wati 700 mfululizo, dakika sita hivi zimekwisha. Kwa hiyo usinunue grainda ya betri moja ukategemea kukata vigae vya nyumba nzima. Betri za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye mashine za nyingine, basi chagua familia moja ubaki humo. Na joto la Kisumu chini ya mabati saa nane mchana linaziua. Ziweke mahali penye kivuli, na zile zisizotumika ziache na chaji nusu.

Sasa grainda, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ile ndogo hutumia diski ya milimita 115 na huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ile kubwa hutumia ya milimita 230 na huzunguka kama mara 6,500. Tofauti hiyo imepigiwa hesabu. Diski za kukatia zilizo nyingi zimeundwa kustahimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde ukingoni, karibu kilomita 290 kwa saa. Ukitoa kinga ya grainda ndogo ukalazimisha diski kubwa iingie, ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Hiyo diski haikati tena, inasubiri kupasuka, na vipande vyake vitatafuta uso au shingo. Naona jambo hili kila wiki, na wanaolifanya si watu wazembe. Wana kazi ya kina kirefu na grainda moja tu. Jibu ni kuazima ile kubwa, au kukata pande zote mbili.

Tazama pia pete ya chuma katikati ya diski. Imepigwa mwezi na mwaka. Diski ina tarehe ya mwisho kama dawa, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi inayoishika huchoka na unyevu, na sisi wa kando ya ziwa unyevu tunao. Iliyoanguka sakafuni usiifunge hata kama huoni ufa.

Na ile diski yenye meno ya mbao inayofungwa kwenye grainda, naomba usiinunue. Najua inakata haraka mbao za kupangia zege. Lakini grainda haina kitako cha kulala juu ya mbao kama msumeno wa duara, hivyo jino likinasa, mashine inaruka kumrudia aliyeishika, nayo haizimiki papo hapo. Makovu ya paja na ya mkono wa kushoto niliyoyaona kwa wenzangu mengi yalitoka hapo.

Hata ukiwa na msumeno wa duara, ijue mbao yako. Blugamu (mkaratusi) nyingi inayoshuka kutoka Vihiga na Kakamega inauzwa mbichi. Ukiipasua kwa urefu, inajifunga nyuma ya msumeno na kuubana. Tia kabari kwenye mkato ulioacha nyuma, shusha msumeno ili meno yatokeze chini ya mbao kwa milimita tano tu hivi, na tumia diski ya meno machache, kama 24, kwa kupasulia. Zile za meno 60 ni za kumalizia mbao kavu.

Mwili nao uandaliwe. Miwani ya kukinga ije kabla ya grainda, siyo baada ya chuma cha kwanza kutolewa jichoni. Vumbi la mbao na vumbi la silika linalotoka kwenye mawe, vigae na zege vimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi laini. Nunua barakoa ya N95 au FFP2, na vigae uvikate kwa maji. Masikio vilevile: kanuni zetu za kelele za 2005 zinataka mfanyakazi asizidishe desibeli 90 kwa saa nane, na grainda huzipita. Ajabu kwa wengi ni glavu. Kwa drili na msumeno wa mezani zivue, maana kitambaa kikinaswa huvuta mkono wote.

Kama una vibarua au wanafunzi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka uwape vifaa hivi bila kuwatoza, na ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inakutaka uwe na bima. Kata bima hiyo kabla ya mashine kuanza kazi.

Hamisha magodoro ya sofa, thina na vumbi la randa mbali na mahali pa grainda. Cheche huruka mita kadhaa na hukaa ndani ya vumbi kimya kimya hadi mmefunga kibanda. Piga picha ya risiti na ya nambari ya mashine, kwa sababu wino wa risiti hufifia kabla ya waranti kuisha.

Wote kibandani wajue la kufanya kidole kikikatika: kubana jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono. Kidole kinazungushiwa kitambaa safi chenye unyevu, kinatiwa ndani ya kitu kisichopitisha maji, hata glavu ya hospitali iliyofungwa juu, kisha ndicho kinawekwa juu ya barafu, kisiguse barafu yenyewe. Wauza samaki wana barafu, ujue yupi aliye karibu nawe. Na uwe na namba ya mwenye boda anayejua njia ya kufika hospitali ya Jaramogi bila kuuliza.

Ukishayapanga haya, fungua boksi. Funga diski mpya, hakikisha kinga imekaa, waambie watu wote wasisimame kwenye mstari wa diski, elekeza mashine ukutani na uiache izunguke bure dakika nzima kabla haijagusa kitu. Ikitetemeka, zima, chomoa, badilisha diski, jaribu tena.