Nyonga ya mzee ikivunjika: mfupa uungwe au ubadilishwe?

Mzee apasuliwe ndani ya saa 36 hadi 48. Akilazwa tu, nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda miguuni haviko mbali.

Soma eksirei kwanza. Shingo ya paja (sehemu nyembamba chini ya kichwa cha mfupa wa paja) ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa ya damu inayolisha kichwa hicho mara nyingi imekatika, kwa hiyo skrubu huunga mfupa unaokufa. Afadhali kichwa bandia, shina lake, linaloingia ndani ya mfupa wa paja, lishikwe kwa saruji ya mifupa.

Ikivunjika chini tu ya shingo, tumia skrubu nene yenye bamba. Hapa ndipo wengi hukosea: umbali wa ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha mfupa, ukijumlisha vipimo vya eksirei ya mbele na ya ubavu, usizidi milimita 25. Ukizidi, skrubu huweza kutoboa kichwa.

Kesho yake baada ya upasuaji mzee asimamishwe, akanyage.