Wilaya yako ya shule iko chini ya wastani wa jimbo? Namna ya kulinganisha kabla hujafunga virago

Miaka mitatu iliyopita nusura tuhame kutoka Louisville, mji wetu hapa Marekani. Dada mmoja tunayesali naye alinionyesha kwenye simu yake namba mbili za asilimia ya watoto waliofaulu mtihani: shule za kaunti yetu, Jefferson, na chini yake jimbo zima la Kentucky. Namba yetu ilikuwa ndogo. Akaniambia mzazi mwenye uchungu na wanawe huvuka kwenda kaunti ya jirani. Mimi na mume wangu tukajaza fomu za nyumba kule, tukalipa dola 75 za maombi ambazo hazirudishwi, wakati kodi ya kule ilikuwa inazidi yetu karibu nusu. Usiku, nikiwa kazini napanga vifurushi, swali halikunitoka: ile namba inasema nini hasa kuhusu mwanangu wa darasa la nne? Nikaenda maktaba Jumamosi tatu mfululizo mpaka nikaelewa. Niliyoyapata huko ndiyo ninayowaelekeza kina mama wa Kongo, Burundi na Tanzania wanaonipigia simu.

Kwanza, soma namba kutoka kwa mwenye nazo. Sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 2015, inayoitwa ESSA, inalilazimisha kila jimbo kutoa ripoti ya wazi ya kila shule, kila wilaya ya shule (yaani shule zilizo chini ya uongozi mmoja, kama zile za kaunti yetu ya Jefferson) na jimbo lenyewe. Watoto wote wa darasa la 3 hadi la 8 hupimwa kusoma na hisabati kila mwaka, halafu mara moja tena wakiwa sekondari. Hapa kwetu ripoti hiyo inaitwa Kentucky School Report Card. Itafute kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Kurasa za nyumba za kupanga, zile zinazoipa shule alama moja tu kati ya kumi, ziache. Mtu ameshachanganya mambo mengi ndani ya alama hiyo na wewe huoni alichochanganya.

Ukifungua utakuta maneno manne: Novice, Apprentice, Proficient, Distinguished. La kwanza ni mtoto aliye chini kabisa, la mwisho ni aliyebobea. Watu wanaposema "asilimia waliofaulu", wanajumlisha mawili ya mwisho. Watoto wa Apprentice, hata wale waliobakiza hatua moja, hawamo. Kwa hiyo angalia pia Novice: wilaya mbili zinaweza kulingana kwa waliofaulu, ila moja ina watoto wengi zaidi waliokwama chini.

Halafu jiulize hilo jimbo unalolinganisha nalo ni nani. Kentucky ina wilaya za shule 171. Jefferson peke yake ina karibu mwanafunzi mmoja kati ya kila saba wa jimbo, hivyo ukilinganisha Jefferson na Kentucky, Jefferson imo pande zote mbili za mizani. Ndani ya kaunti yetu hiyohiyo kuna wilaya nyingine inayojitegemea, Anchorage, yenye shule moja tu. Zote mbili zinaitwa wilaya. Kwenye wilaya ndogo namna hiyo, watoto watano wakiugua siku ya mtihani asilimia inayumba. Kwenye yetu hata haitikisiki.

Sasa tufike penye kiini. Chukua karatasi. Mimi nilitumia mgongo wa bahasha ya bili ya umeme. Nakupa namba za kutunga, uone hesabu inavyokwenda.

Tuseme katika wilaya watoto 60 kati ya 100 wanatoka familia za kipato cha chini, na 40 wanatoka familia zenye nafuu. Wa kundi la kwanza wanafaulu asilimia 35, wa kundi la pili asilimia 60. Asilimia 35 ya 60 ni watoto 21. Asilimia 60 ya 40 ni watoto 24. Jumla 45. Njoo kwenye jimbo: huko wa kipato cha chini ni 40 kati ya 100 na wanafaulu asilimia 33; wenye nafuu ni 60 na wanafaulu asilimia 58. Ukijumlisha unapata 48. Simu ya yule dada ingeonyesha 45 kwa 48, na wilaya ingeonekana imeshindwa. Lakini rudi juu uangalie tena: mtoto wa kipato cha chini anafanya vizuri zaidi wilayani kuliko jimboni, na mwenye nafuu pia. Tofauti yote imeletwa na wingi wa kila kundi.

Nilipoliona hilo kwa mkono wangu, nililia pale maktaba. Nilikuwa karibu kuwatoa watoto kwa marafiki zao na kubeba kodi isiyobebeka kwa sababu ya namba ambayo haikuwa na habari nao.

Kwa hiyo usiishie kwenye jumla. Ripoti ina sehemu ya kuchagua kundi: rangi na asili, kipato, ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Chagua kundi la mwanao, darasa lake, somo lake, mwaka uleule, kisha uandike namba nne: shule yake, wilaya yake, jimbo, na wilaya unayofikiria kuhamia. Kule kwenye kaunti ya ndoto zetu nilipochagua kundi la mwanangu, mahali pengi nilikuta nyota badala ya namba. Maana yake watoto wa aina hiyo ni wachache mno, matokeo yamefichwa ili wasitambulike. Ule usifiwaji wote ulikuwa wa watoto wengine. Hatukuhama.

Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani kuna mtego mmoja unaostahili mstari wake. Kundi la wanaojifunza Kiingereza litaonekana chini kila mwaka, na si lazima iwe ni kwa sababu shule ni mbaya. Kila mwaka watoto hao hufanya mtihani wa Kiingereza uitwao ACCESS, na anayefikisha 4.5 kwa jumla hapa Kentucky hutolewa kwenye kundi. Wanaoweza wanaondoka, wanaingia wageni waliofika jana kutoka kambi za wakimbizi. Matokeo ya kundi hayapandi hata kama kila mtoto ndani yake anapiga hatua. Tafuta lile kundi jingine linalohesabu pia waliotoka na bado wanafuatiliwa; hilo ndilo linaloonyesha wilaya inawafikisha wapi watoto wetu.

Kuhusu miaka, sitakuchosha: mwaka 2020 mitihani haikufanyika kwa sababu ya korona, na mtihani wa sasa, KSA, si ule wa zamani wa K-PREP. Anayekuwekea namba ya 2019 pembeni ya ya sasa anakupotosha, hata kama hakukusudia.

Usisahau mahudhurio. Mtoto aliyekosa asilimia 10 au zaidi ya muda wa masomo anahesabiwa mtoro sugu, hata kama alikuwa mgonjwa na barua ya daktari ipo. Kwa mwaka wa siku 170 hizo ni siku 17, yaani siku mbili hivi kwa mwezi. Linganisha hapo pia, shule kwa wilaya kwa jimbo. Mimi huipa safu hii uzito sana, maana darasa lenye viti vitupu linamrudisha nyuma hata aliyekuja.

Karatasi yako ikishajaa, ipeleke shuleni. Omba mkalimani, ni bure, na ni haki yako chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964. Usimkalishe mwanao akutafsirie habari zake mwenyewe. Uliza swali moja: "Watoto walio kama wangu wanafanya hivi jimboni na hivi hapa. Tofauti hii mnaifanyia nini, na wangu yuko wapi?" Mwalimu niliyemuuliza aliichukua bahasha yangu, akaisoma pande zote, kisha akaleta matokeo ya ACCESS ya kijana wangu. Kusikiliza juu, kuzungumza juu, kusoma katikati, kuandika chini kabisa. Tulikubaliana aandike aya moja kwa Kiingereza kila jioni, na kabla sijatoka kwenda kazini anisimulie kwa Kiswahili alichoandika.