Mtoto anasusa dagaa: namna ya kumzoesha bila ugomvi

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka miwili hadi sita ambaye, ukipakua ugali wa muhogo na dagaa, hula ugali mtupu. Hapa Kigoma tunaanzia jikoni, kwa sababu mara nyingi kinachomkera ni uchungu na mchanga.

Hatua ya 1: Ondoa uchungu
Toa vichwa na matumbo. Loweka dagaa kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, kisha suuza mara tatu. Watoe kwa mkono, usimimine, ili mchanga ubaki chini ya bakuli. Kaanga kitunguu kwa mawese, weka nyanya mpaka zirojeke, ndipo utie dagaa. Mawese yakitoa moshi umeyaunguza, na uchungu unarudi. Pilipili ikae pembeni, ya wakubwa.

Hatua ya 2: Aje na njaa
Kwa muda wa saa mbili kabla ya kula apewe maji tu. Chai na andazi la saa kumi na moja ndivyo vinavyoua hamu ya chakula cha jioni. Chai pia hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma.

Hatua ya 3: Pakua kidogo
Hata kama mnakula sinia moja, mpe kisahani chake uone alichokula. Anza na dagaa watatu, pamoja na kitu anachokipenda, kama maharage. Usimpikie chake peke yake: akijua kususa kunaleta chipsi, kesho atasusa tena.

Hatua ya 4: Kaa naye, mwachie mdomo wake
Wewe unaamua chakula gani na saa ngapi. Yeye anaamua kiasi. Kumshikilia na kumlisha kwa nguvu, hata bibi akifanya kwa mapenzi, humfanya aogope sahani yenyewe. "Maliza upate soda" humfundisha kwamba dagaa ni adhabu. Akinusa, akilamba, hata akitema, amesogea. Baada ya dakika 20 hadi 30 ondoa kisahani bila maneno.

Hatua ya 5: Rudia
Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa mara 8 hadi 15, na wazazi hukata tamaa mapema mno. Unga wa dagaa kwenye uji unamlisha vizuri, endelea nao, ila haumzoeshi dagaa wa sahanini.

Mpeleke kliniki na kadi yake ikiwa uzito hauongezeki, anapaliwa mara kwa mara, viganja vimepauka, au ana zaidi ya miezi sita bila dawa ya minyoo.