Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa Honda CG125 ya zamani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu unahusu safari ya takribani kilomita 830 kwa barabara kuu ya TANZAM, kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Iringa hadi Mbeya, kwa Honda CG125 ya zamani, yaani ile yenye platini (vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili kutoa cheche ya plagi) na umeme wa volti 6. Honda ilianza kuuza pikipiki hii katikati ya miaka ya 1970 ikiwa na injini ambayo valvu zake husukumwa kwa vijiti badala ya kutegemea cheni ya kamu, ili ivumilie mizigo iliyozidi na oili iliyochelewa kubadilishwa. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo, na pikipiki nyingi za bodaboda tunazoziona leo ni uzao wake. Ndiyo maana ninaipendekeza kwa safari ndefu kuliko pikipiki nyingine za umri wake: kila mji ulio kando ya barabara hii una fundi ambaye mikono yake inaijua injini hiyo, hata kama hajawahi kuona CG yenyewe.

Undugu huo una mpaka wake. Cheni ya namba 428, plagi, waya wa klachi na mipira ya breki utavipata karibu kila kituo, lakini platini, kondensa (kifaa kidogo kinachozilinda platini zisiungue kwa cheche) na balbu za volti 6 hutavipata. Maandalizi yote yanayofuata yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza: amsha kilicholala

Anza angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Pikipiki ya zamani huharibiwa zaidi na kusimama kuliko kutembea, kwa hiyo kwanza shughulikia vitu vilivyokaa bila kutumika. Mwaga petroli yote ya zamani, vua tangi na uchunguze ndani kwa tochi. Ukiona kutu, weka siki pamoja na kipande cha cheni safi, tikisa, acha usiku kucha, kisha suuza vizuri na ukaushe kabisa kabla ya kurudisha petroli. Weka chujio dogo kwenye mpira wa mafuta kati ya koki na kabureta, kwa sababu vumbi la kutu litaendelea kutoka hata baada ya usafi huo. Fungua kabureta, toa jeti zote mbili (vipande vyenye tundu dogo la kupitishia petroli) na uzipulize kwa hewa. Usizichokonoe kwa waya wa chuma, kwani tundu likipanuka hata kidogo halirudi.

Matairi yasikudanganye kwa kina cha meno yake. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokakamaa au lenye nyufa ndogo ubavuni libadilishwe pamoja na tyubu yake, bila mjadala, hata kama linaonekana jipya.

Hatua ya pili: pima nafasi za injini

Hapa ndipo safari inapoamuliwa, na ninashauri uifanye kazi hii mwenyewe hata kama una fundi unayemwamini, kwa kuwa huenda ukalazimika kuirudia kandokando ya lami.

Anza na valvu, injini ikiwa baridi kabisa. Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, kisha izungushe taratibu mpaka alama ya T (pistoni ikiwa juu kabisa) kwenye magneti ilingane na alama ya kwenye kasha, roka zote mbili, yaani mikono inayosukuma valvu, zikiwa legevu. Kama moja imebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Nafasi sahihi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili: fila ya kupimia (bapa jembamba la chuma lenye unene unaojulikana) ipite kwa msuguano mwepesi, isiingie kwa kulegea wala isilazimishwe. Wako wanaoipunguza nafasi hiyo ili kuondoa mlio, nami sikubaliani nao, kwa kuwa valvu inayolia kidogo inafunga vizuri, ilhali iliyobana haifungi sawasawa, na katika mlima mrefu huungua.

Kisha nenda kwenye platini, ambazo unazifikia kupitia dirisha la magneti. Zungusha injini mpaka zifunguke kwa upana wake wote na uweke nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Kama nyuso zake zina vishimo, zisawazishe kwa tupa laini sana, kisha pitisha karatasi safi iliyoloweshwa petroli ili kutoa unga wa chuma na mafuta. Baada ya hapo hakikisha kwamba platini zinaanza kufunguka alama ya F (ya wakati wa moto) kwenye magneti inapolingana, kwa kuwa kubadilisha nafasi hubadilisha pia wakati wa moto. Kondensa inayokufa ina dalili zake: injini huwaka vizuri asubuhi, lakini ikishapata joto huanza kukata, na ukitazama platini gizani utaona cheche kubwa za buluu. Badilisha kondensa pamoja na platini, na zile za zamani zilizo hai ziweke kwenye mfuko wa safari.

Plagi ni ya aina ya D8EA, nafasi yake milimita 0.6 hadi 0.7. Oili ni karibu lita moja tu, na injini hii haina chujio la karatasi, kwa hiyo ibadilishe siku moja kabla ya kuondoka na usafishe wavu wa chini ya injini.

Wengi huuliza kama wabadilishe mfumo wa umeme uwe wa volti 12 usio na platini. Ni uamuzi wa busara kwa mtu anayetumia pikipiki kila siku, lakini ufanywe miezi kadhaa kabla, kwa sababu mfumo mpya huonyesha ubovu wake katika wiki za mwanzo.

Hatua ya tatu: cheni, breki na magurudumu

Cheni ya CG imefunikwa na kasha, na ubora huo umewafanya wengi waisahau. Zungusha gurudumu la nyuma taratibu, tafuta mahali cheni inapobana zaidi na upime hapo: ichezecheze kati ya milimita 10 na 20. Gonga kila spoku kwa bisibisi. Iliyolegea hutoa sauti nzito na iliyobana hulia. Fungua ngoma zote mbili za breki, toa vumbi, na kama breki shuu zimelainika na kung'aa kwa juu, zikwaruze kwa msasa. Upepo uwe takribani psi 25 mbele na 32 nyuma, upimwe matairi yakiwa baridi.

Hatua ya nne: safari ya majaribio

Nenda Bagamoyo na kurudi ukiwa na mzigo wote utakaobeba. Ukirudi, usiiegeshe na kulala. Kagua palepale kila nati, hasa za kushikilia injini, za mafla na za keria, tazama kama oili imepungua, na utoe plagi. Rangi ya kahawia inamaanisha mchanganyiko wa petroli na hewa ni mzuri, masizi meusi yanamaanisha petroli ni nyingi, na weupe unamaanisha hewa imezidi. Kasoro itakayojitokeza katika njia hii fupi ingejitokeza pia baada ya Chalinze, ambako ni ghali zaidi kuitibu.

Hatua ya tano: mfuko

Beba kile ambacho duka la vipuri vya bodaboda halina: platini, kondensa, balbu mbili za volti 6 (ya volti 12 itafifia kama jicho la paka mgonjwa), fyuzi, na kiungo cha cheni kwa ajili ya kuokoa muda. Ongeza tyubu mbili, chuma za kubandulia tairi, pampu, viraka na solusheni, fila, spana zinazoingia nati za pikipiki yako na si seti nzima ya dukani, plaizi, waya mwembamba na nusu lita ya oili. Waya wa klachi wa akiba ufunge sambamba na ule unaotumika, ncha zake zikiwa zimezibwa, ili ule wa kazini ukikatika uhamishe ncha tu. Vitu vizito vikae mbele karibu na tangi. Keria ibebe nguo. Leseni yenye daraja la pikipiki, kadi ya pikipiki na bima viwe mahali unapoweza kuvitoa bila kufungua mzigo, maana utasimamishwa.

Hatua ya sita: gawa njia katika siku tatu

Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri, kwa kuwa haina mvua nyingi, ila jiandae kwa baridi kali ya nyanda za juu. Siku ya kwanza iishie Morogoro, karibu kilomita 190 tu. Wako watakaosema ni uvivu, lakini lengo ni kuipa injini jioni moja ya kukaguliwa, na kuivuka Hifadhi ya Mikumi asubuhi ya siku ya pili badala ya jioni. Siku hiyo ya pili inakufikisha Iringa, na ya tatu Mbeya. Usitembee usiku kwa hali yoyote, kwani taa ya volti 6 haikuonyeshi shimo kabla hujaliingia.

Hatua ya saba: barabarani

Mwendo wa kudumu wa CG iliyobeba mzigo ni kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Mabasi ya Mbeya yanayoondoka Dar es Salaam alfajiri yatakupita yote kabla ya Chalinze. Tazama kioo mara kwa mara, uyape nafasi mapema na ushike usukani imara, kwa sababu upepo wa basi hukuvuta kwanza kisha hukusukuma. Hatari kubwa zaidi ni lori linalotoka mbele na kupita jingine upande wako. Usibishane nalo, jua wakati wote ukingo wa lami una urefu gani ili uweze kushuka bila kuanguka.

Ndani ya Mikumi fuata vibao vya mwendo, na usome ubao unaoorodhesha faini ya kila mnyama anayegongwa. Tembo akiwa barabarani, simama mbali, acha injini ikiunguruma, na subiri gari kubwa litangulie.

Baada ya Mikumi unapita Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu vilivyopangwa kando ya njia, kisha bonde la mibuyu, na hatimaye mlima Kitonga wenye kona kali. Kabla ya kuanza kupanda, pumzisha injini kwa dakika 20 kivulini. Panda kwa gia ya pili au ya tatu bila kuilazimisha injini: ikianza kutetemeka kwa uzito, shusha gia mara moja. Malori hutambaa hapa na mengine hufia kwenye kona, kwa hiyo usimpite mtu mahali usipoona mwisho wa kona. Wakati wa kurudi, teremka kwa gia ileile uliyopandia ili injini ikushike, kwani breki za ngoma zikipata joto huacha kushika bila kukuarifu.

Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko hupunguza nguvu ya injini na kufanya petroli izidi kwenye mchanganyiko. Ukipata moshi mweusi na plagi yenye masizi, na kama sindano ya kabureta yako ina noti (mikato midogo ya kushikia klipu), pandisha klipu noti moja ili sindano ishuke. Mafinga na misonobari ya Sao Hill ni baridi. Makambako ni upepo wa ubavuni unaohitaji upunguze mwendo na kulegeza mabega. Kisha barabara inashuka hadi tambarare za Chimala na kupanda tena kuelekea Uyole, mlangoni mwa Mbeya.

Hatua ya nane: ukifika Mbeya

Mwaga oili ikiwa bado na joto na uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa vinavyoshikika kwa vidole vinamaanisha pikipiki irudi Dar es Salaam juu ya lori. Pima upya valvu, platini na cheni, kaza spoku, na kama ulishusha sindano, andika kwenye karatasi uibandike juu ya tangi kwamba klipu irudishwe noti yake kabla ya kuteremka kwenda Morogoro, kwa sababu mchanganyiko mkavu, yaani wenye hewa iliyozidi, katika joto la huko chini hutoboa pistoni.