Somo: Kugawa nguvu ya kurushia katika redio tambuzi

Redio tambuzi (cognitive radio: inayotambua masafa yaliyo wazi na kujirekebisha) ni mgeni kwenye masafa yenye mwenyewe, yaani mwenyeji; hapa ni televisheni. Tuchukue mtambo uliopo Chake Chake wenye wati 1, unaotaka kutumia chaneli tatu (A, B na C) za televisheni za UHF (masafa ya juu sana), kila moja megahezi 8.

1. Anza na mwenyeji, usianze na kasi yako. Pima upotevu wa mawimbi kutoka kwako hadi antena ya televisheni iliyo jirani. Ile ya paani, si mnara, maana anayeumia ni anayepokea. Chaneli A desibeli 130 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu). B na C 145. Tuseme mwenyeji anavumilia mwingiliano wa −100 dBm (desibeli ukilinganisha na miliwati 1). Weka akiba ya desibeli 10: juu ya bahari, siku nyengine mawimbi hufika mbali kuliko hesabu. Kikomo cha A: −100 + 130 − 10 = 20 dBm, yaani wati 0.1. B na C zinaruhusu zaidi ya wati 3, hazikubani.

2. Kila chaneli ina "sakafu": kelele ukigawa kwa uwiano wa nguvu unaomfikia mpokeaji wako. A 0.1, B 0.2, C 0.6 (wati).

3. Jaza kama maji yanavyojaa vidimbwi vya pwani, penye kina kwanza. Kimo ni nguvu yako jumlisha sakafu zote, gawa kwa idadi ya chaneli: (1 + 0.9) ÷ 3 = 0.633. Kila chaneli hupata kimo toa sakafu yake. A ingepata 0.533, imevuka. Ifunge kwenye 0.1, kisha rudia hesabu kwa wati 0.9 zilizobaki na sakafu za B na C: (0.9 + 0.8) ÷ 2 = 0.85. B inapata 0.65, C 0.25. Wengi hukata A tu, wati 0.433 zikalala bure.

Kinadharia unapata biti 3.59 kwa sekunde kwa kila hezi, karibu megabiti 28.7 kwa sekunde. Hatua ya 3 ifanywe kwa wati; desibeli hazijumlishwi hivi.

Maswali

*Assalaam aleikum maalim. Kimo kikiwa chini ya sakafu?*
Waaleikum salaam. Jibu litatoka hasi. Itoe chaneli hiyo, ipe sifuri, upige upya kwa zilizobaki.

*Na tukiwa wageni wanne kwenye A?*
Uvumilivu wa mwenyeji ni mmoja, mnagawana. Kila mtu apunguze desibeli 6: 14 dBm, miliwati 25.

*Nikisikiliza chaneli nikaikuta kimya, nirushe?*
Hapana. Kilima kinaweza kukukinga wewe na mnara, na jirani yako wa juu anatazama. Antena yake haitoi sauti ukaisikia, kwa hiyo tumia pia orodha ya chaneli zilizogaiwa eneo lako.